Kutoka Akeri hadi Olasiti: Kanisa Linaposhambuliwa Chini ya Mlima Meru

Mashambulio dhidi ya Wakristo katika eneo la Mlima Meru hayawezi kuwekwa katika fungu moja, kwa sababu kanisa lililoshambuliwa mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa hema la wageni, ilhali lile lililoshambuliwa mwaka 2013 lilikuwa nyumba ya wenyeji. Na anayetaka kuelewa ukatili wa namna hii hana budi kuuliza kwanza kanisa hilo lilikuwa la nani.

Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, yaani chama cha Kijerumani cha kueneza Injili kilichokuwa tayari kimejikita Kilimanjaro, walifika Akeri kwa ridhaa ya Mangi Matunda wa Wameru, wakapiga mahema yao kwa nia ya kuanzisha kituo. Haukupita muda wakauawa usiku pamoja na wasaidizi wao Wachaga. Ni vigumu kuusoma usiku ule kama chuki dhidi ya dini ambayo wauaji walikuwa hawajaisikia hata ikihubiriwa, kwani Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani huko Moshi, alikuwa katika eneo hilo hilo na askari wake, na machoni pa wapiganaji wenyeji mhubiri na mwanajeshi walikuwa watu wa msafara mmoja. Johannes alirudi na kulipiza kisasi kwa kuua, kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe kwa maelfu, na miaka michache baadaye boma lake likajengwa Arusha kwa nguvu za watu hao hao walioshindwa; jengo hilo lingali limesimama, na siku hizi ni makumbusho.

Wamisionari walirejea mwaka 1902 wakaanzia Nkoaranga, kisha 1904 wakafika Ilboru, na Wakatoliki nao wakaweka misheni zao. Katika miongo iliyofuata dini iliyoingia kwa kivuli cha bunduki ikawa mali ya wenyeji, wakiwa na wachungaji na mapadri wao, kwaya zao na michango yao. Mji wa Arusha ulipotanuka kuelekea magharibi, upande wenye kata za Elerai na Olasiti, mashamba yaligeuka viwanja vya kujengea, na wahamiaji kutoka kila kona ya nchi wakahitaji mahali pa kusalia. Kwa Wakatoliki jibu lilikuwa parokia mpya, yaani jumuiya ya waumini yenye padri na kanisa lake, na parokia ya Olasiti ilipewa jina linalowafaa sana watu wa pembezoni mwa mji: Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.

Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013 kanisa hilo lilikuwa linazinduliwa. Waumini walikuwa wamejaa nje ya jengo, pamoja nao Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Arusha na Askofu Mkuu Francisco Padilla, balozi wa Papa nchini, wakati bomu liliporushwa katikati ya umati. Viongozi hao walisalimika, lakini watu 3 walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa, wengi wao wakikimbizwa Hospitali ya Mount Meru wakiwa bado na nguo zao za sikukuu. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa ziarani Kuwait, alikatisha ziara na kulitaja tendo hilo kuwa ugaidi.

Kwa mtu anayeijua historia ya Wamarekani weusi, Jumapili hiyo inakumbusha nyingine, ya tarehe 15 Septemba 1963, huko Birmingham katika jimbo la Alabama. Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 lilikuwa mahali pa kukutania waandamanaji waliodai haki za kiraia, yaani haki ya kupiga kura, ya kusoma na ya kuhudumiwa pasipo kubaguliwa kwa rangi, na kwa sababu hiyo wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililotawala kwa vitisho, walitega baruti chini ya ngazi zake. Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair, watatu wa kwanza wakiwa na miaka 14 na wa mwisho 11, walikuwa katika chumba cha chini wakijitengeneza kwa ibada ya vijana. Wote wanne walikufa. Dirisha moja la vioo vya rangi lilibaki mahali pake, ila uso wa Kristo tu ndio uliotoboka. Mshtakiwa wa kwanza alihukumiwa mwaka 1977 na wa mwisho 2002, kwa hiyo wazazi walioishi hadi kuisikia hukumu hiyo walikuwa wamengoja miaka 39.

Yapo yanayotenganisha miji hii miwili, na si haki kuyafunika. Alabama ilikuwa na sheria za ubaguzi ambazo mabomu yalikuja kuzilinda. Arusha haikuwa na sheria kama hizo, na hofu ya miezi ile haikuchagua dini, kwani Oktoba 2012 kiongozi wa Bakwata, baraza kuu la Waislamu, alijeruhiwa kwa mlipuko nyumbani kwake mjini humo humo, na Februari iliyofuata Padri Evaristus Mushi akapigwa risasi Zanzibar akienda kuongoza misa. Kinachofanana ni mahali na saa. Watu maskini hawana kumbi, hawana majumba makubwa. Walicho nacho ni nyumba waliyoijenga pamoja, na mlango wake huwa wazi Jumapili asubuhi kwa yeyote ajaye. Aliyerusha bomu Olasiti aliingia kwa mlango huo wa ukarimu.

Haikutimia wiki 6, Juni 15, bomu jingine lilirushwa Arusha, safari hii katika mkutano wa kampeni wa Chadema, chama cha upinzani, likaua tena. Umati ulikuwa umekusanyika katika viwanja vinavyoitwa Soweto.