Akiba ya Nafaka na Mipaka ya Hazina ya Umma: Makangale na Kaskazini mwa Pemba hadi 2011

Makangale iko katika ncha ya kaskazini magharibi ya kisiwa cha Pemba, upande wa pili wa msitu wa Ngezi kwa anayetoka Konde. Muhogo, ndizi na samaki hupatikana papo hapo. Mchele, ambao ndio chakula kinachopendelewa, kwa kiasi kikubwa huagizwa kutoka nje ya Zanzibar. Hali hiyo haikuwa ya asili. Katika karne ya 17 Pemba ndiyo iliyoilisha Mombasa, na askari wa Kireno wa Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, walitegemea mchele wa kisiwa hiki.

Karafuu ndizo zilizogeuza uwiano huo. Baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilishika nafasi ya kwanza katika zao hilo, na mapato yake yakawa ndiyo yanayonunua mchele wa Burma. Kwa maneno mengine, akiba ya nchi ilihama kutoka ghalani ikaingia hazinani. Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma: serikali ya ukoloni ililazimika kugawa chakula kwa vipimo na kuwahimiza wakulima kurudi kwenye mpunga na muhogo.

Funzo hilo halikudumu. Mwaka 1971 Rais Abeid Amani Karume alisitisha uagizaji wa mchele kwa hoja ya kujitegemea, ilhali serikali ilikuwa na limbikizo kubwa la fedha za kigeni zilizotokana na karafuu. Ni vigumu kuuita upungufu uliofuata kuwa ni msiba wa mvua. Wapemba, waliochuma sehemu kubwa ya karafuu hizo, walipanga foleni wakisubiri chakula ambacho jasho lao lingeweza kukilipia mara nyingi. Vizuizi hivyo vililegezwa chini ya Aboud Jumbe, aliyeshika uongozi baada ya Karume kuuawa Aprili 1972.

Bara, wakati huohuo, dola ilikuwa ikijenga utaratibu mwingine. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua na kuhifadhi nafaka kwa gharama ya umma, na hasara zake zikabebwa na mabenki ya serikali hadi mzigo ukawa hauhimiliki. Katika ngazi ya kanda, nchi tisa zilizoanzisha SADCC mjini Lusaka mwaka 1980, Tanzania ikiwemo, ziliikabidhi Zimbabwe uratibu wa uhakika wa chakula. Wazo la hifadhi ya pamoja ya nafaka lilijadiliwa kwa miaka mingi bila kuzaa ghala la pamoja. Sababu zake zinaeleweka: nafaka ikikaa hula fedha za dawa, ulinzi na riba, nchi yenye ziada hutaka kuuza, yenye upungufu hutaka kukopeshwa, na wafadhili hawakuwa tayari kulipia gharama hizo mwaka hadi mwaka.

Hata kama hifadhi hiyo ingejengwa, swali la Makangale lingebaki. Kwanza, nafaka iliyofikiriwa zaidi ilikuwa mahindi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kilimo si miongoni mwa mambo ya Muungano. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza kazi mwaka 2008, wakati huo ulikuwa na kanda zake Arusha, Dodoma, Kipawa, Makambako, Shinyanga, Songea na Sumbawanga. Zote zilikuwa Bara. Kwa hiyo raia wa nchi mwanachama aliweza kuhesabiwa katika mahitaji ya kanda bila kuwa na ghala la dola hiyo upande wake wa bahari.

Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya uhakika wa chakula na lishe mwaka 2011, na kwa hiyo Zanzibar ikapata msingi wake yenyewe wa kisheria. Lakini fungu la kununulia akiba hushindana na dawa za hospitali na mishahara ya walimu katika bajeti ya serikali ndogo. Wilaya ya Micheweni, ambayo Makangale ni sehemu yake, imeendelea kutajwa miongoni mwa zinazokabiliwa zaidi na umaskini Zanzibar. Akiba ya kaya huko bado ni muhogo ulioachwa ardhini, nao ukizidisha muda wake hukakamaa na kuwa mti.