Uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana: elimu ya afya kwa watu wa makamo

Elimu ya afya kuhusu uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana huwalenga watu wa makamo ambao bado wanajiona wazima, ili wapimwe kabla ya dalili kujitokeza. Msingi wake ni mwendo wa ugonjwa wenyewe. Saratani hii kwa kawaida huanza kama kijinyama kwenye ukuta wa utumbo, na huchukua takriban miaka kumi au zaidi kugeuka saratani. Muda wote huo huenda mtu asisikie maumivu yoyote. Pengine kijinyama huvuja damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Kikigunduliwa kwa kolonoskopi, yaani kipimo cha kuuangalia utumbo kwa mrija wenye kamera, hukatwa papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mrija huo. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliua watu zaidi ya 900,000 duniani. Marekani, ambako unazidi kuwapata wenye umri mdogo, ilishusha umri unaopendekezwa wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45 mwezi Mei 2021.

Wapo wanaoamini kwamba kazi ya elimu hii ni kuwatia watu hofu. Ushahidi hauwaungi mkono. Katika utafiti uliofanyika San Francisco na kuchapishwa mwaka 2012, kati ya walioshauriwa kufanya kolonoskopi pekee, waliotimiza ni asilimia 38; kati ya walioshauriwa kupima kinyesi ili kutafuta damu isiyoonekana, asilimia 67; kati ya walioachiwa wachague, asilimia 69. Ugonjwa ni uleule na hatari ni ileile, ila mzigo wa kipimo ndio uliotofautiana. Kolonoskopi humtaka mtu aache chakula kigumu, anywe dawa ya kuharisha, akose kazini na apate wa kumrudisha nyumbani. Kipimo cha kisasa cha kinyesi humalizika chooni kwake: anachokoa kinyesi kidogo kwa kijiti, anakirudisha kwenye kichupa, anakaza kifuniko na kuandika tarehe. Mwelimishaji anayekuja na kichupa hicho mkononi na kuonyesha kinavyotumika anaondoa aibu nyingi kuliko picha za kutisha za uvimbe.

Hata hivyo, kipimo chepesi kina udhaifu wake. Hurudiwa kila mwaka, na kikionyesha damu, kolonoskopi haikwepeki. Huko San Francisco, wahudumu waliowafuatilia washiriki waliondolewa baada ya mwaka wa kwanza; kufikia mwaka wa tatu, ni asilimia 14 tu ya waliopewa kipimo cha kinyesi waliokuwa wameendelea nacho kila mwaka. Kwa hiyo elimu isiyo na mtu wa kumfuatilia mgonjwa huishia njiani. Jimbo la Delaware, Marekani, lililitambua hilo mapema. Kuanzia mwaka 2002 liliwalipia kolonoskopi wasio na bima, likaajiri wauguzi wa kuwaongoza watu hatua kwa hatua, na likagharimia matibabu ya waliokutwa na saratani. Kati ya 2001 na 2009 kiwango cha Weusi waliopimwa kilipanda kutoka asilimia 48 hadi 74, sawa na Weupe, na pengo la vifo baina yao likakaribia kuzibika.

Wapinzani wa uchunguzi huu huutaja utafiti wa Poland, Norway na Sweden wa mwaka 2022, ambamo kualikwa kufanya kolonoskopi kulipunguza saratani kwa asilimia 18 tu katika miaka kumi, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Hoja hiyo ni nzito na haifai kufichwa. Lakini waliolinganishwa ni walioalikwa na wasioalikwa, na kati ya walioalikwa ni asilimia 42 pekee waliofika. Barua peke yake haikutosha. Ni haki pia mtu aelezwe kwamba kolonoskopi, ingawa ni mara chache, huweza kutoboa utumbo au kusababisha damu kutoka.

Pingamizi zito zaidi linahusu nchi zenye vifaa haba, zikiwemo nyingi za Afrika Mashariki: kumhimiza mtu apimwe mahali ambapo kolonoskopi haipatikani ni kumwachia wasiwasi bila dawa. Huko elimu ianzie kwenye dalili. Damu kwenye choo mara nyingi husingiziwa bawasiri, na miezi hupita kwa dawa za kupaka na za mitishamba. Mwenye damu hiyo, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au anayekonda na kuishiwa damu bila sababu, hasubiri uchunguzi wa wazima. Anahitaji daktari sasa, na daktari asiandike bawasiri kabla ya kumpima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa.