Kukiri Kosa Ufukweni mwa Ziwa Mweru

Novemba 1867 David Livingstone alifika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, kusini mwa Nchelenge ya leo, nchini Zambia. Barazani aliona watu waliokatwa masikio na mikono, na mtekelezaji wa adhabu aliyening'iniza shingoni chombo mfano wa mkasi. Huko alimkuta pia Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyezuiliwa miaka mingi. Mbele ya baraza kama hilo, nani angekurupuka kukiri hila yake?

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyetawala Kongo, waligawana Ziwa Mweru. Kodi ya vibanda ilipoanza upande wa Waingereza, wapo waliopiga kasia hadi ng'ambo ya Kongo kuikwepa. Hapo napo kimya kililipa.

Sheria za 1929 ziliwapa machifu wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mahakama zao. Huko shauri la mali lilielekea zaidi kwenye fidia: aliyepunjwa arudishiwe chake, kisha watu waendelee kuvua pamoja. Lakini mwishoni mwa 1931 Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika, na chini yake kujipatia mali kwa udanganyifu ni kesi ya serikali. Msamaha wa jirani peke yake hautoshi kuifuta.

Na mtu akikiri kwa polisi? Zanzibar na Kenya zilirithi Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo ilikataza maungamo yaliyotolewa kwa polisi yasitumike dhidi ya mtuhumiwa. Zambia ilifuata njia ya Uingereza: maungamo yanapokelewa, mradi yametolewa kwa hiari. Polisi wanapaswa kumwonya mtu kwanza. Akidai alilazimishwa, hakimu husikiliza kesi ndani ya kesi, na mzigo wa kuthibitisha hiari ni wa upande wa mashtaka.

Tuseme mchuuzi wa chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, katika mji wa Kashikishi ufukweni aliwahi kuchukua fedha kwa mzigo asiokuwa nao. Dhamiri ikimsumbua, akaenda kituo cha polisi peke yake, neno lake laweza kuwa ushahidi mkuu dhidi yake, hata mlalamikaji asipojitokeza. Atakachosema kinaweza kuwagusa wenzake pia, na kurudisha fedha baadaye hupunguza tu adhabu, pengine. Huo ni ukali ambao chifu mwenye busara angeuepuka.

Mwenye jambo kama hilo azungumze kwanza na wakili, au na Bodi ya Msaada wa Kisheria ikiwa hana uwezo, kabla ya kutia saini karatasi yoyote.