"Ameniibia Mume": Lugha ya Usaliti katika Maigizo ya Awali ya Runinga, Dar es Salaam

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi, kikiwamo ITV, vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata mwaka 2000. Kwa hiyo mchezo wa kuigiza wa runinga ulipowafikia wakazi wa Kariakoo na Jangwani, haukukuta hadhira changa. Ulikuta watu waliokwisha kulelewa na redio na jukwaa.

Jukwaani, vikundi kama Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980, na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992, vilichanganya ngoma, taarabu, vichekesho na maigizo katika onyesho moja. Aghalabu waigizaji hawakukariri matini iliyoandikwa. Walikubaliana mtiririko wa matukio, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo. Desturi hiyo iliendelea katika vikundi vya Mambo Hayo na Kaole, ambavyo maigizo yao yalioneshwa na ITV. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu. Pasipo mwandishi wa kuyasanifu mazungumzo, lugha iliyosikika ilikuwa ile ile ya uani na barazani.

Ua wenyewe ni sehemu ya fani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, ambako wapangaji kadhaa hushirikiana jiko na choo. Katika nyumba ya namna hiyo ugomvi wa mke na mume hauwi wa watu wawili. Ndiyo maana hadithi nyingi za unyumba zimejengwa juu ya fumanizi, na fumanizi halikamiliki pasipo mashahidi.

Neno hilo lastahili kuangaliwa kwa makini. Kitenzi zini, chenye asili ya Kiarabu, hulitaja tendo lenyewe. Fumania hakilitaji, hutaja kukutwa. Mtu anayesemwa kuwa "kafumaniwa" ameaibika kwa sababu ameonekana, na uzito wa kosa umehama kutoka kwenye tendo hadi kwenye jicho la mtazamaji. Kamera ya runinga ilimfanya kila aliyeketi mbele yake kuwa mpangaji wa nyumba hiyo.

Zaidi ya hapo ni kauli ambayo mke hutamka akiisha kushuhudia: "Ameniibia mume wangu." Kisarufi, kiima ni yule mwanamke mwingine, yambwa tendewa ni mke, yambwa tendwa ni mume. Kauli ya kutendea imempanga mume mahali ambapo kwa kawaida hukaa pochi au baiskeli. Kitu kilichoibwa hakina hiari, na kisicho na hiari hakina hatia. Hivyo wanawake wawili hushikana mashati, naye mume husimama kando kama mali inayogombewa.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba mantiki hiyo ni ya uswahilini tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 72, inampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Dai huanguka endapo mdaiwa hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua, kwamba mhusika ana ndoa. Hapo pia anayedaiwa ni mtu wa tatu. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inaukubali uzinzi kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na kwa kawaida huyataka mashauri ya talaka yapitie kwanza baraza la usuluhishi. Katika njia hii ya pili mwenzi mkosaji hurudishwa kuwa kiima.

Redio ilikwisha kumrudisha hapo kabla ya runinga. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Eneo la Dodoma liliachwa bila kuusikia hadi mwaka 1995 ili athari zake zipimwe. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori, ana wanawake njiani. Hatimaye anakufa kwa UKIMWI. Mkewe, Tunu, hamtafuti mwizi. Anaondoka na kuanzisha biashara yake ndogo. Mkwaju haibwi na yeyote: hutenda, na hulipa.

Maigizo ya awali ya runinga yalizaliwa kati ya sarufi hizo mbili. Kuyapima kwa ubora wa picha au sauti peke yake ni kuyapunja. Katika miaka ambayo usaliti ndani ya ndoa uliweza kuingiza maradhi yasiyokuwa na dawa, swali la nani ni kiima cha sentensi lilikuwa pia swali la nani angeambiwa abadili mwenendo. Mke aliyepiga kelele kuwa ameibiwa alimrudisha mume nyumbani bila kumwuliza alikokuwa.