Watoto wa Jua na Vitabu Vyao

Tangu mwaka 1912, kila ulipofika mwezi wa Oktoba, jarida la The Crisis, lililotolewa New York na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, lilitenga toleo zima kwa ajili ya watoto. Na mhariri wake, W. E. B. Du Bois, alikuwa na simanzi kuu moyoni, kwani toleo hilo hilo lililopambwa kwa sura za watoto wazuri halikuwa na budi kubeba pia habari za watu weusi walionyongwa na makundi ya wazungu pasipo kadhi wala hukumu. Mwaka 1919 alisimulia barua ya binti wa miaka 12 aliyekiri kwamba anamchukia mzungu kama mzungu amchukiavyo yeye, na labda zaidi. Kuificha dhuluma hakuweza, maana mtoto angekutana nayo njiani. Lakini hakuridhia kuwa chuki ndiyo iwe darasa la kwanza alipatalo mtoto juu ya rangi ya mwili wake.

Ndipo Januari 1920, pamoja na wenzake Jessie Redmon Fauset na Augustus Dill, alipolianzisha The Brownies' Book, jarida la kila mwezi la senti 15, lenye ngano, mashairi, michezo na picha za watoto weusi waliovaa vizuri na kutazama mbele kwa fakhari, ambao Du Bois aliwaita watoto wa jua. Humo mshairi Langston Hughes, hali hajatimiza miaka 20, alichapisha baadhi ya mashairi yake ya awali. Fedha zilipopungua likakoma Desemba 1921, baada ya matoleo 24. Nami naona si insafu kulipima kwa ufupi wa umri wake, maana kimya kilichofuata ndicho kishuhudiacho thamani yake. Mwanaelimu Mmarekani Nancy Larrick, alipokagua vitabu 5,206 vya watoto vya miaka ya 1962 hadi 1964, alivikuta 349 tu vyenye mtu mweusi, kwa maneno au kwa picha.

Hata hivyo mwaka 1962 mwandishi na mchoraji Ezra Jack Keats alikuwa amemtoa Peter, mtoto mweusi achezaye thelujini, katika The Snowy Day, kitabu ambacho maneno yake hayaitaji rangi hata mara moja. Kisha mwaka 1971 Muriel Feelings, aliyewahi kuwa mwalimu Uganda, na mumewe, mchoraji Tom Feelings, wakatoa Moja Means One, ambamo mtoto wa Marekani afundishwa kuhesabu kwa Kiswahili hadi kumi; na moja yenyewe, anapofunua, ni mlima Kilimanjaro.