1991: Nyimbo za Kizungu, na nani alikuwa anahesabu?

Najua wengi mmezama kwenye madesa wiki hii, mtanisamehe, ila hili jambo limenikaa kichwani tangu semina ya Alhamisi. Tulikuwa tunajadili vyanzo vya historia, mhadhiri akauliza: orodha ni chanzo cha aina gani? Wenzangu wakataja orodha za kodi, orodha za abiria wa meli, rejesta za vibarua wa mkonge. Mimi nikasema orodha ya nyimbo zilizotamba mwaka fulani. Darasa zima likacheka. Haya, na mliocheka mnasoma hapa, nawajua mmoja mmoja. Leo naijibu ile hoja kwa raha zangu, hakuna wa kuniambia dakika zako zimeisha.

Nimechukua mwaka 1991. Mimi sijazaliwa, wazazi wangu hata hawajaonana. Ukifungua orodha ya mwisho wa mwaka ya jarida la Billboard la Marekani, namba moja ni Bryan Adams na (Everything I Do) I Do It for You. Namba mbili ni vijana wa Color Me Badd, jina la wimbo wao sitalitafsiri kwa sababu kuna wadogo zangu wanapitia humu. Wa tatu C+C Music Factory, ule wimbo wa kuchezesha watu jasho, halafu Paula Abdul na Rush Rush. Extreme na More Than Words wamo kwenye kumi bora, na nina hakika hakuna mshikaji aliyewahi kushika gitaa bwenini ambaye hajajaribu kuupiga huo, wengi wakaishia mstari wa pili.

Tuanze na Bryan Adams, maana huyu mwaka ule alikuwa si mchezo. Wimbo ulitoka na filamu ya Robin Hood: Prince of Thieves ya Kevin Costner. Marekani ulikaa namba moja wiki 7. Uingereza ulikaa wiki 16 mfululizo, kuanzia Julai mpaka Oktoba, ukavunja rekodi ya Slim Whitman ya mwaka 1955 aliyekaa wiki 11. Hebu piga picha, mtu ameanza muhula, amemaliza, wimbo ni uleule. Ndio U2 wakaja kuung'oa na The Fly.

Kilichonifurahisha zaidi ni waliouandika. Walikuwa watatu: Adams mwenyewe, Michael Kamen aliyetengeneza muziki wa filamu, na Robert John "Mutt" Lange. Huyu Lange kazaliwa Mufulira, Zambia ya leo, kule kwenye migodi ya shaba. Na hapo ndipo vituko vilipoanzia. Adams ni Mkanada, na redio za Kanada zilitakiwa na sheria zipige kiwango fulani cha muziki wa Kikanada. Lakini kwa kanuni za tume yao ya utangazaji, kwa kuwa nyimbo za albamu ile ya Waking Up the Neighbours aliziandika pamoja na mtu asiye Mkanada, hazikuhesabiwa kuwa za Kikanada! Yaani mwanamuziki wao anayeongoza dunia nzima, kwenye makaratasi ya kwao si wa kwao. Adams alikasirika hadharani, na baadaye kanuni ikarekebishwa. Hilo tukio moja linatosha kukuonyesha kwamba kuhesabu muziki si kazi ya mashine, kuna mtu nyuma ameamua nini kihesabiwe na nini kiachwe.

Sasa njoo kwenye kuhesabu kwenyewe. Kabla ya 1991, Billboard walikuwa wanapiga simu kwenye maduka ya muziki, wanauliza: wiki hii nini kimeuza? Muuzaji hatoi idadi ya nakala, anataja mpangilio tu, hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu. Redio nazo zinatuma orodha ya nyimbo wanazozipiga. Wanachanganya, wanapata chati. Nyie mnaosoma takwimu mshaanza kutikisa vichwa. Muuzaji ana kumbukumbu zake na mapenzi yake. Kama ana maboksi ya albamu ambayo haijatoka, ana sababu ya kuitaja. Kama hapendi muziki wa kufokafoka, au anaona wateja wake wa maana hawanunui vitu hivyo, ataurusha. Na kampuni za muziki zilijua namba za simu za maduka hayohayo, mkono mtupu haulambwi.

Tarehe 25 Mei 1991 chati ya albamu ya Billboard ikabadilishwa. Wakaanza kutumia mfumo unaoitwa SoundScan, ambao unasoma zile alama za mistari myeusi mgongoni mwa kasha pale kaunta, kila nakala ikiuzwa inahesabiwa. Basi, mambo yakageuka ndani ya wiki chache. N.W.A, wale vijana wa Compton, albamu yao ya Straight Outta Compton ya miaka miwili mitatu nyuma haikuwahi kupita namba 37. Juni 1991 albamu yao mpya ikaingia moja kwa moja namba 2, wiki iliyofuata namba 1. Septemba Garth Brooks, muimbaji wa kantri mwenye kofia pana, akaingia namba 1 siku ya kwanza, jambo ambalo hakuna albamu ya kantri iliyowahi kulifanya.

Sasa jiulizeni kama watu wa historia. Je, Wamarekani walibadilika wiki ile ya Mei? Waliamka asubuhi wanapenda N.W.A na kantri? Hapana bwana. Walikuwa wananunua siku zote, vijana weusi wa mjini na wakulima weupe wa vijijini, ila kwenye simu hawakusikika. Mimi nikisoma hapo nilisimama kidogo. Miaka mingapi tumeambiwa muziki wa kufokafoka ulikuwa kitu cha pembeni, wakati pembeni yenyewe ilikuwa kwenye daftari la muuza duka?

Chati ya nyimbo moja moja, Hot 100, ilichelewa, ikabadilishwa kwenye toleo la tarehe 30 Novemba 1991. Namba moja ya kwanza kwa hesabu mpya wakawa P.M. Dawn, ndugu wawili weusi wanaofokafoka kwa upole juu ya muziki wa Spandau Ballet wa mwaka 1983. Wiki iliyofuata Michael Jackson akapanda na Black or White. Lakini angalieni kalenda: mwaka wa Billboard ulikuwa unafungwa karibu na mwisho wa Novemba. Kwa hiyo ile orodha niliyoanza nayo pale juu, ya Bryan Adams na wenzake, karibu yote ilipatikana kwa mtindo wa simu. Sisemi Adams hakustahili. Uingereza chati yao ilikuwa ya mauzo matupu na huko ndiko alikotawala kuliko popote. Ninachosema ni kwamba kuanzia namba mbili kwenda chini, ukitaka kuzitumia kwenye tasnifu yako, zitumie kwa adabu.

Jambo lingine la 1991, hizi tunazoziita nyimbo za Kizungu za Waingereza na Wamarekani, wengi hawakuwa hao. Roxette waliofika namba moja Marekani mwezi Mei na Joyride ni Waswidi. Scorpions wa Wind of Change ni Wajerumani wa Hannover. Klaus Meine aliuandika baada ya bendi kupiga Moscow Agosti 1989, ukatoka kama singo mwaka 1991, na mwezi Desemba mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti ukafa. Kiingereza kilikuwa kimeshakuwa nguo ya kuazima, kila mtu anaivaa kwa kipimo chake. Hata hapa kwetu upepo ulikuwepo, Februari 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Hiyo mtaipata kwenye desa la DS, siirudii.

Na sasa nafika nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Tarehe 24 Novemba 1991, London, Freddie Mercury wa Queen akafariki, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Alikuwa na miaka 45. Alizaliwa Unguja Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Akapelekwa shule India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Desemba ile Bohemian Rhapsody ikatolewa upya, ikarudi namba moja Uingereza wakati wa Krismasi kama ilivyokuwa mwaka 1975, na hakuna wimbo mwingine uliokuwa umewahi kufanya hivyo mara mbili kwa sauti zilezile. Ndani yake kuna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa madrasa Unguja analitamka kabla hajaanza kula.

Queen hao, pamoja na David Bowie, ndio waliotoa Under Pressure mwaka 1981. Mnajua ule mdundo wa gitaa la besi pale mwanzo, wa John Deacon. Vanilla Ice akauchukua akaujengea Ice Ice Baby, bila kuwataja wenyewe, mpaka baadaye wakamalizana na wakaingizwa kwenye majina ya watunzi. Novemba 1990 Ice Ice Baby ikawa wimbo wa kwanza wa kufokafoka kufika namba moja ya Hot 100. Hapo ni enzi za simu bado, na ona nani aliyefunguliwa mlango kwanza, kijana mweupe wa Texas. Mimi sisemi kitu.

Halafu mdundo uleule ukatua Dar es Salaam. Mwaka 1991 kulikuwa na mashindano yaliyoitwa Yo Rap Bonanza, na aliyeshinda ni Saleh Jabir, Saleh J, kijana aliyechukua Ice Ice Baby akaweka maneno ya Kiswahili. Wakati huo vijana wetu wengi walikuwa wanakariri Kiingereza cha wengine, wengine hata hawakijui wanachosema. Saleh J akaonyesha kwamba Kiswahili kinafokeka. Mwaka 1993 wakaja Kwanza Unit, na yaliyofuata mnayacheza kwenye simu zenu sasa hivi. Kwa hiyo mdundo umetoka kwenye bendi ya mzaliwa wa Unguja, umepita Dallas, umerudi ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari. Deacon ndiye aliyeupiga, si Freddie, najua mtanikamata hapo, lakini njia yake ndiyo hiyo.

Na chati ya Dar ya 1991 iko wapi? Haipo. Bara redio ilikuwa RTD, nayo ilitoa nafasi kubwa kwa bendi za nyumbani. Televisheni ilikuwepo Zanzibar, huku Bara haikuwepo mpaka 1994. Nyimbo za Kizungu zilikuja kwa kanda, mtu karudi safari au baharia kashuka bandarini, ikifika inapelekwa kwenye duka la kurekodi, unalipa, unachagua nyimbo zako, unarudi jioni kuchukua. Hakuna mistari myeusi wala simu ya Billboard. Nakala zilizozalishwa kwenye vichochoro vya Kariakoo hazijaingia kwenye hesabu ya mtu yeyote duniani, hata kwenye hesabu ya malipo ya wenye nyimbo, hilo nalo tuliseme.

Mjomba wangu Tanga bado ana boksi la kanda chini ya kitanda. Likizo iliyopita aliniruhusu nizipitie, kwa sharti nisizirudishe ovyo. Moja, TDK ya dakika 90, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "SLOW 91", irekodiwe Ngamiani. Upande wa kwanza: Bryan Adams, Extreme, Bryan Adams tena, Surface, Scorpions. Nikamuuliza mbona Bryan Adams mara mbili, akanijibu, "Mwanangu, ukirudisha nyuma kwa kidole kanda inakatika, bora urekodi mara mbili." Hiyo ni takwimu. Wimbo uliopendwa mpaka mtu akalipia nafasi mbili kwenye kanda moja! Upande wa pili sikuutegemea: Saleh J, halafu nyimbo tatu za taarab, halafu Wind of Change imekatwa katikati kwa sababu kanda iliisha. Billboard wangemuweka mjomba kwenye kundi gani, sijui, maana kwao pop ni huku, kantri kule, na kila kabati lina mlango wake. Yeye alikuwa na dakika 90 tu.

Nimemwomba mhadhiri niandike insha ya muhula kuhusu maduka ya kurekodi kanda ya miaka ile, akasema sawa ila nilete vyanzo. Ndiyo hapo nawahitaji. Mwenye baba, shangazi au jirani aliyekuwa anarekodi kanda, au aliyekwenda Yo Rap Bonanza akalipa kiingilio chake, naomba anitafute kabla ya wiki ya kumi. Kanda sizichukui, nanakili tu maandishi ya kwenye kasha, pande zote mbili. Na kama kuna mtu ana redio ya kanda inayofanya kazi naomba kuazima, ya mjomba inameza.