Kisumbi: kiti cha mti mmoja, bila msumari

Bandugu, wengi wetu tunashinda juu ya viti vya plastiki. Lakini ni wangapi wanaojua wazee walikuwa wanatoa kiti namna gani ndani ya mti? Leo tuongee juu ya kisumbi cha Warega.

Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi walikuwa wanachonga kisumbi ndani ya kipande kimoja cha mti. Shoka inaangusha mti na kukata gogo. Kisha tezo njo inafanya kazi kubwa: inachimba pa kukalia, inafungua miguu chini. Hakuna msumari, hakuna kole. Na hakikuwa kiti cha kila mtu. Kilikuwa alama ya cheo ndani ya Bwami, chama kilichofundisha watu heshima na mwenendo mwema.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa Bwami. Ilikipiga marufuku mwaka 1933, na tena mwaka 1948. Daniel Biebuyck, aliyefanya uchunguzi kwa Warega miaka ya 1950, aliandika mengi juu ya vitu vya chama hicho. Leo vingine viko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Tunalilia viti vilivyoenda, na ni haki yetu. Lakini ujuzi je?

Wakati wa staji yangu, upepo uliangusha grevilea. Nikaazima tezo, nikachonga kigoda. Mti mbichi ni laini, kazi ikaenda vizuri, nikapiga hata foto. Kisha nikakianika juani. Wiki mbili tu, kikapasuka toka katikati mpaka pembeni. Mzee mmoja akakiangalia, akacheka: «Mwanangu, uliacha moyo wa mti ndani. Na tena jua! Kiti kinakaukia kivulini, polepole.»

Nikasikia haya, juu somo hilo nililisoma. Mti ukikauka, unajikaza kufuata duara zake karibu mara mbili kuliko toka moyo kwenda ganda. Njo maana unapasuka. Kwenye egzame nilijibu vizuri kabisa. Mikono yangu njo haikujua.

Tervuren inalinda kiti. Namna ya kukichonga iko kwa wazee, na wazee wanaenda. Kwenu kijijini, nani bado ana tezo? Likizo hii umuendee, ukae karibu naye, na daftari mkononi.